Kushuka ngazi wakati wa dharura: majibu kwa maswali yenu

Nafanya kazi ghorofa ya 11. Kila siku nashuka haraka, lakini kwenye zoezi la moto tulikokota miguu. Kwa nini?

Siku nyingine unashuka peke yako. Ngazi ikijaa, mwendo unapangwa na msongamano. Kwa vipimo vya wahandisi wa moto, ngazi hupitisha watu wengi zaidi wakiwa kama wawili kwa kila mita ya mraba. Wakikaribia wanne, mstari unasimama. Ndiyo maana kumsukuma wa mbele hakukufikishi mapema.

Isitoshe, upana wote hautumiki. Jake Pauls, aliyechunguza watu wakitoka kwenye maghorofa ya ofisi nchini Kanada miaka ya 1970, aliona kwamba miili huyumba wakati wa kushuka, na watu huacha sentimita 15 hivi kutoka kila ukuta. Ngazi ya sentimita 112 hubaki na 82 za kutembea. Huo ndio uliokuwa upana wa ngazi mbili kati ya tatu katika kila mnara wa World Trade Center, New York. Tarehe 11 Septemba 2001, ndege zilipoigonga minara hiyo miwili, zimamoto walipanda na vifaa vyao ngazi zile zile ambazo maelfu walikuwa wakishukia.

Si kweli kwamba watu hupagawa na kukanyagana?

Mara nyingi sivyo. Pale New York watu walishuka kwa utaratibu, wakapishana, wakasaidiana. Waliokuwa chini ya ghorofa zilizogongwa, zaidi ya asilimia 99 walitoka. Kinachoniogopesha zaidi ni dakika za kabla ya ngazi: kufunga kompyuta, kutafuta mkoba, kupiga simu.

Lakini ngazi huua hata bila moto. Tarehe 3 Februari 2020, wanafunzi 14 wa Shule ya Msingi ya Kakamega, Kenya, walikufa katika mkanyagano ngazini wakitoka madarasani kwenda nyumbani. Aliye juu hamwoni aliyeanguka chini, basi anaendelea kuja. Walimu, tafadhali: darasa moja baada ya jingine, na mtu mzima asimame kila ngazi inapopinda.

Nivue viatu virefu?

Vua, ila usiviache ngazini, vitamkwaza anayekufuata.

Mama anatumia kiti cha magurudumu, ofisi yake iko ghorofa ya 6.

Baada ya bomu la 1993, World Trade Center ilinunua viti maalumu vya kushushia watu ngazini. Mwaka 2001 mwanamume asiyeweza kutembea alishushwa na wenzake kwa kiti hicho kutoka ghorofa ya 69. Mama aombe kiti kama hicho kazini kwake, wachaguliwe wa kumshusha, na wafanye mazoezi naye akiwa amekaa humo. Asiahidiwe lifti, isipokuwa iliyojengwa kwa kazi hiyo.

Mlinzi wetu hufunga ngazi ya pili kwa kufuli, anasema ni kwa ajili ya wezi.

Hapana, hapana kabisa! Siku ile ya 2001, katika mnara wa kusini wa World Trade Center ngazi moja tu ilibaki ikipitika, na watu 18 waliokuwa kwenye ghorofa zilizogongwa au juu yake waliokoka. Katika mnara wa kaskazini zote tatu zilikatika. Hakuna aliyetoka huko juu. Mlango umzuie aliye nje, lakini aliye ndani aufungue kwa kusukuma tu, bila ufunguo. Mwandikie msimamizi wa jengo leo, na nakala uipeleke kituo cha zimamoto.