Kabla ya Kutaja Nia ya Mwaka, Lala Chali Kwanza

Kila Januari akina mama na vijana ninaofanya nao yoga hapa Dodoma huniuliza swali lilelile: mwaka huu tujiwekee malengo gani? Jibu langu halijabadilika. Kabla hujaandika lengo lolote, tandika mkeka, lala chali robo saa, usifanye kitu. Wengi jibu hilo haliwaingii mara moja. Wamekuja na daftari jipya, wanataka kupunguza uzito, kuezeka nyumba, kuacha pombe na kufungua duka, yote kabla ya Pasaka.

Nawaelewa, maana mwezi wenyewe unasukuma. Desemba imepita na safari za kwenda kuwaona wazazi, nyama, mikesha na fataki. Mara shule zinafunguliwa, kila mtoto anataka viatu, sare na madaftari, na mshahara uliotoka kabla ya Krismasi umeshasahaulika. Isitoshe, huku kanda ya kati ndipo mvua zimeshika. Mwenye shamba Bahi, Chamwino au Kongwa anakimbizana na palizi, na hata mfanyakazi wa ofisini kule Mtumba ana eka zake mbili za alizeti zinazomwita Jumamosi. Mwili unakimbia mchana kutwa na usiku haulali vizuri. Ukiuuliza mwili wa namna hiyo unataka nini mwaka huu, utakaojibu ni wasiwasi, au aibu ya picha za wenzetu tulizoziona kwenye simu usiku wa mkesha.

Wakulima wa huku wanaijua vizuri kuberega. Unakwangua majani juu juu, unachimba vishimo, unatupia mbegu, basi, hujalima. Mvua ikija kubwa, maji yanateleza juu ya ardhi ngumu na kwenda zake korongoni, na ukichimba kidogo unakuta udongo mkavu. Ndiyo maana mabwana shamba wanahimiza watu walime kwanza, watengeneze matuta, maji yapate pa kuingilia. Malengo mengi ya mwaka mpya yamepandwa kwa kuberega. Mbegu ni nzuri kabisa, ardhi ndiyo haikufunguliwa.

Mafundisho ya kale ya yoga yanayonasibishwa na Patanjali wa India yanaweka mambo mawili pamoja. La kwanza ni abhyasa, kulirudia zoezi bila kukata tamaa. La pili ni vairagya, kuachilia tulichokuwa tumekishikilia. Yanasema pia kwamba zoezi hupata msingi imara likifanywa kwa muda mrefu, bila kukatizwa, kwa moyo wote. Januari watu huchukua lile la kwanza na kuliacha la pili, halafu wanashangaa kwa nini wamechoka mapema. Mkono uliojaa mambo ya mwaka jana hauna pa kushikia jingine. Na hili si jambo la Wahindi peke yao. Kule Makunduchi, Unguja, kwenye Mwaka Kogwa unaofanyika kila Julai, wanaume huchapana kwa mashina ya migomba ili vinyongo vya mwaka vitoke, na kibanda cha makuti huchomwa moto, kisha ndipo watu wanakula na kucheza. Mwaka wa zamani unaoshwa kwanza. Mimi sina migomba, ila nina mkeka.

Najua lipo suala la imani, na sipendi kulipita kimyakimya, kwa sababu Wakristo na Waislamu wameniuliza kwa dhati. Yoga imetoka India, imekulia ndani ya dini za huko, na kwa watu wengi wa kule bado ni sehemu ya ibada. UNESCO iliiorodhesha mwaka 2016 kama urithi wa utamaduni wa nchi hiyo, na Umoja wa Mataifa umeitengea siku yake, Juni 21. Tunachofanya sisi kibarazani ni mkao, pumzi na ukimya. Kuna mfuatano unaoitwa Surya Namaskara, yaani salamu kwa jua. Mama mmoja wa kikundi chetu, mzee wa kanisa, alisema yeye jua halisalimii. Ana haki yake. Tangu hapo tunauita mzunguko, na anaufanya vizuri kuliko wengi wetu. Tukifika kwenye ukimya kila mtu analeta sala yake mwenyewe. Dada zetu Waislamu, ambao Ramadhani huweka nia ya kufunga kabla ya alfajiri, jambo la kuanza na nia hawahitaji kufundishwa na mtu.

Sasa tuje kwenye mkeka wenyewe.

Januari jua la Dodoma huchomoza karibu saa kumi na mbili na nusu. Amka nusu saa au saa nzima kabla, wakati bodaboda bado hazijaanza kupiga honi na upepo haujainua vumbi. Sakafu ya saruji asubuhi ya mvua ina baridi inayopenya mgongoni, kwa hiyo tanguliza blanketi chini, mkeka juu yake. Mkeka wa ukili unatosha, huna haja ya kuagiza ile ya mpira. Kunja kanga mara nne uiweke chini ya magoti siku utakayopiga magoti, maana ukili huacha alama na huuma. Kanga nyingine izungushe iwe kama mto mwembamba, uipitishe chini ya magoti unapolala chali. Kiuno kitashuka na kugusa mkeka. Kwa mtu anayekaa kwenye kiti siku nzima au anayeinama shambani, kushuka huko kwa kiuno peke yake ni nafuu kubwa.

Mkao huu kwa Kisanskriti, lugha ya kale ya India, unaitwa Shavasana, mlalo wa maiti. Kwetu maiti si jambo la kutajwa ovyo, kwa hiyo tunasema kulala chali na tunaelewana. Mikono iwe mbali kidogo na mwili, viganja vitazame juu, miguu ianguke pembeni yenyewe. Mama mjamzito ambaye tumbo limeshakuwa kubwa asilale chali. Alale kwa ubavu wa kushoto, na mto katikati ya magoti.

Kisha pumzi. Vuta kwa puani ukihesabu taratibu hadi nne, toa ukihesabu hadi sita. Urefu wa kutoa ndio unaofanya kazi. Moyo huongeza mwendo kidogo tunapovuta pumzi na huupunguza tunapotoa, na hilo hupitia kwenye neva ya vagasi inayotoka kwenye ubongo hadi kifuani na tumboni. Ukiirefusha pumzi ya kutoa, unauambia mwili kwamba hakuna kinachoukimbiza. Mwenye pumu asijilazimishe; ahesabu tatu na nne, au aache kuhesabu.

Baada ya dakika kadhaa, upitie mwili kuanzia juu. Paji la uso, taya, koo, mabega, kifua, tumbo. Tafuta mwaka uliopita umekaa wapi. Usiuhukumu, usiupe alama kama mwalimu wa mtihani. Mahali palipokaza, pelekea pumzi na upaache.

Mimi mwaka mmoja niliukuta kwenye taya. Mama yangu alikuwa anaumwa, nami kila mwisho wa juma nilikuwa napanda basi la Kondoa, narudi Jumapili usiku, Jumatatu niko ofisini. Katika daftari nilikuwa nimeshaandika kuanza shahada ya uzamili. Nilipolala chali asubuhi ile niligundua meno yamebanana kiasi cha kuuma hadi kwenye sikio. Nikayaachanisha polepole, ulimi nikauacha ulale. Machozi yakateremka yakaingia masikioni, nikayaacha. Wazo lililokuja halikuwa la shahada. Sentensi ilikuja yenyewe: nikiwa na mama, niko na mama.

Nikaifanya ndiyo nia ya mwaka. Nilipofika kwake simu ilibaki ndani ya pochi. Tulikaa chini ya mwembe tukibangua karanga, akanionyesha anavyozitwanga na kuzichanganya na mlenda, ni wakati gani anatia magadi na kiasi gani, chakula ambacho nilikuwa nimekila tangu utoto bila kuuliza kinavyopikwa. Alikuwa anazipeta karanga kwenye ungo kwa mkono uleule uliokuwa unatetemeka, maganda yanaruka upande mmoja na punje zinabaki. Shahada nilikuja kuisoma baadaye. Mlenda ule nisingeweza kujifunza baadaye.

Katika yoga nia ya namna hii inaitwa sankalpa. Hutamkwa moyoni mara tatu, mwanzoni na mwishoni mwa kile wanachokiita yoga nidra, usingizi wa yoga, ambapo mtu amelala chali lakini yuko macho. Huwa sentensi moja fupi, ya wakati uliopo, isiyo na "sitaki" wala "nitaacha". "Nitapunguza kilo kumi" ni lengo, lina tarehe na mizani. "Ninautunza mwili wangu" ni nia, na leo jioni mbele ya sahani unaweza kuitekeleza. Sikatazi malengo. Yaandike, tena kwa tarakimu na tarehe, ila yatoke chini ya nia. Ukiona lengo haliwezi kukaa chini ya nia yako hata ulisukume vipi, huenda uliliazima kwa mtu.

Jirani yangu mmoja anauza mboga soko la Majengo. Alikuja na mpango wa kuchukua mkopo wa kikundi na kuongeza meza ya pili. Alipoinuka kwenye mkeka alikaa kimya, kisha akasema nia yake ni "napumzika nikichoka". Wenzake walimshangaa, kwamba hiyo nayo ni nia? Lakini ni mwanamke anayeamka saa tisa usiku kuwahi mzigo, na alikuwa hajawahi kulitamka neno hilo mbele ya watu. Meza ya pili bado hajaiweka. Siku hizi anafunga kabla giza halijaingia, na mwanawe wa darasa la nne anasomewa na mama yake.

Niseme na jambo ambalo wafundishaji wengi hulikwepa. Ukimya hauwaletei wote faraja. Mtu aliyefiwa karibuni, au aliyewahi kutendewa ukatili, anaweza kufumba macho akakutana na kile alichokuwa anakikimbia. Ikikutokea hivyo usijilazimishe kubaki. Fumbua macho, kaa, egemeza mgongo ukutani, kandamiza nyayo sakafuni, taja kwa sauti vitu vitano unavyoviona. Hali ikirudi mara kwa mara, mwone daktari au mshauri. Mkeka hauchukui nafasi yao. Mwenye shinikizo la damu naye asikae muda mrefu kichwa kikiwa chini kuliko moyo.

Ukishaipata sentensi yako, inuka uisimamie. Simama wima, miguu imegawana uzito sawa, pumua mara chache. Halafu inua mguu mmoja, nyayo uibandike kwenye shavu la mguu wa pili, mkono mmoja ukutani kama unayumba. Huo ni mkao wa mti. Malizia kwa kupiga magoti na kuinama hadi paji la uso liguse mkeka. Kwa sehemu hii ya kusimama dakika kumi zimetosha.

Kinachobaki ni kuibeba nia mchana kutwa, na hapa siku zetu zina nafasi nyingi kuliko tunavyodhani. Unasubiri ndoo ijae bombani: pumua mara tano, itamke. Unasubiri mkaa ushike. Uko kwenye foleni ya daladala Nkuhungu na hakuna kinachokuja. Chagua sehemu moja tu ya siku yako ambayo ipo kila siku, uifunge nia hapo. Wanaochagua sehemu nyingi nimeona wanaziacha zote.

Sisi kibarazani huwa tunairudia robo saa ile mwishoni mwa Februari. Mara nyingi mvua za huku huwa zimepumzika kidogo kipindi hicho, palizi ya kwanza imekwisha, watu wana nafasi. Kila mmoja analala chali, anaitamka sentensi yake na kusikiliza kama bado inamhusu. Wapo wanaoibadilisha, wapo wanaoifupisha, na wapo wanaogundua kwamba waliitunga kwa ajili ya mume au mkwe. Wote wanaruhusiwa kuanza upya siku hiyohiyo. Ukitaka kufanya hivyo na wenzako mtaani, waambie kila mtu aje na mkeka wake na kanga mbili, awe hajala kitu kizito kwa saa tatu, na chai ya tangawizi iwekwe jikoni baada ya kuinuka, isije ikachemka watu wakiwa wamelala.