Mkweo Hakuiharibu Safari ya Savannah

*Shangazi, mimi ni mama wa watoto wawili, wa miaka 11 na 6, na tunaishi Atlanta, Marekani. Mama mkwe wangu alitujia kutoka Pangani kukaa nasi miezi mitatu, nami nikaandaa safari ya familia kwenda Savannah, mji wa kale ulio kando ya mto na unaosifika kwa mizuka. Nilichagua hoteli ya zamani ambayo wageni huifuata kwa sifa hiyo, nikalipia na matembezi ya usiku ya kusikiliza visa vya mizuka, tukiwa pamoja na familia mbili za rafiki zangu. Mama aliposikia habari za chumba chake kutoka kwa mhudumu, aliwasha udi hadi kengele ya moshi ikalia na wageni wote wakatoka nje. Usiku, watu wakicheka, yeye alisoma dua kwa sauti, kisha akamtaka mume wangu amkatize mwongozaji na kumuuliza mama wa Molly, binti mtumwa aliyekuwa akisimuliwa, alikuwa nani na binti mwenyewe alizikwa wapi. Mwongozaji hakuwa na jibu. Mume wangu akamchukua mama yake na watoto akaondoka nao, na kesho yake wakashinda kwenye sanamu na nyumba za watumwa huku mimi nikipanda mashua na rafiki zangu. Tangu turudi hatuzungumzi vizuri, mama anataka kurudi kwao kabla ya muda wake, na mtoto mdogo hataki kulala peke yake, nadhani kwa hofu alizotiwa na bibi yake. Je, ni haki mume kumchagua mama yake na kuniaibisha mbele za watu?*

*Niliyeaibishwa, Atlanta*

Binti yangu, pole kwa safari iliyokatika na kwa fedha zilizopotea. Nimekupa pole hiyo kwa moyo mmoja, na sasa nitakueleza nilichokiona katika barua yako, hata katika yale uliyoyapita haraka.

Unasema mkweo alisikia habari za chumba chake kutoka kwa mhudumu. Maana yake ni kwamba mwanamke mzima, aliyevuka bahari kuja kukaa chini ya dari lako, aliandaliwa kitanda katika chumba ambacho wewe ulikwishajua kinatajwa kuwa na mizuka, na hakuna aliyemwambia hadi mtu asiyemjua alipomwambia akiwa bado hajafungua sanduku lake. Wala siamini kwamba mumeo alijua, kwa sababu kama angelijua usingeliacha kuniandikia kwamba naye aliridhia. Katika barua nzima sikuona mahali mlipoketi wawili mkashauriana juu ya hoteli, juu ya matembezi ya usiku, wala juu ya hao rafiki zako waliofuatana nanyi katika safari unayoiita ya familia. Ulijua mama hatakubali, ukanyamaza, ukategemea kwamba akishafika hatakuwa na la kufanya. Njia ya mwongo ni fupi, binti yangu, na yako iliishia kwenye ngazi za hoteli huku kengele ikilia.

Nitasema na la upande wa pili ili nisionekane namtetea mtu kwa upofu. Kuwasha udi ndani ya chumba cha hoteli ni hatari na hakuruhusiwi, na mumeo angempa mama yake tahadhari hiyo mapema. Hilo ndilo kosa pekee ninalolipata kwa mkweo, na ni kosa la ugeni. Mwanamke wa Pwani akiingia katika chumba asichokuwa na imani nacho hukifukiza na kukisomea, ndivyo alivyolelewa, na hakumdhuru mtu.

Laiti ungalifuatana naye kesho yake, ungalijua kwamba katika mji huo hakuwa wa kwanza kutaka kinga. Nyuma ya jumba liitwalo Owens-Thomas, lililokamilika mwaka 1819, kuna makazi ya watumwa yaliyohifadhiwa, na dari lake lina rangi ya buluu iliyochanganywa kwa nili, chokaa na mtindi. Watu wa jamii ya Gullah Geechee, wazao wa Waafrika waliofanywa watumwa katika pwani ile, wamekuwa wakipaka rangi ya namna hiyo darini, milangoni na madirishani ili roho zisizo na amani zisiingie wanapolala. Waliolala chini ya dari lile hawakuwa na udi, wakatumia nili. Mkweo alikuwa na udi, akautumia. Nina hakika kwamba alipoinua macho akaiona buluu ile alielewa kilichotakiwa pale kabla hajafafanuliwa na mtu yeyote, na wewe wakati huo ulikuwa mashuani.

Sasa tuutazame huo mji wenyewe, kwa kuwa nadhani uliiona mizuka yake kabla ya kuwaona watu wake. Mwingereza James Oglethorpe aliuanzisha mwaka 1733, na miaka michache baadaye utumwa ulipigwa marufuku katika koloni lote la Georgia, lakini wenye mashamba hawakuacha kushinikiza hadi ukaruhusiwa rasmi mwaka 1751. Kuanzia hapo vile viwanja vyenye miti inayoning'inia mimea kama manyoya ya kijivu, zile nyumba za matofali unazozipiga picha, na maghala ya pamba yaliyo kando ya mto, vyote vilisimama juu ya migongo ya watu ambao hawakulipwa. Hata mawe ya barabara ya River Street yaliletwa na meli zilizokuja tupu, zikayatumia kama uzito wa kutulizia chombo, zikayamwaga hapo na kupakia pamba. Usione vyaelea, vimeundwa. Mwaka 1820 homa ya manjano iliua takriban watu 700, wakazikwa katika makaburi ya Colonial Park ambayo leo hutembelewa na makundi ya watalii. Tena mwezi Machi mwaka 1859, nje kidogo ya mji, mtu aitwaye Pierce Butler aliweka mnadani watu 436 ili alipe madeni yake. Walikuwa wamewekwa katika mazizi ya farasi wa mashindano, wakanadiwa kwa siku mbili mvua ikinyesha, na jamaa wakaachana pale pale wasionane tena. Mnada ule unakumbukwa hadi leo kwa jina la Wakati wa Kilio.

Mkweo hakuhitaji kufundishwa habari hizi. Anatoka Pangani, mji wa kale uliopo pale mto unapoingia baharini, ambao nao ulipitisha watumwa na pembe za ndovu kwenda Unguja, na ambako tangu zamani husimuliwa kwamba chini ya nguzo za boma la kale walizikwa watu wakiwa hai ili jengo liwe imara. Msimulizi wa Pangani akifika hapo hushusha sauti, wasikilizaji nao hunyamaza, na mzee huomba rehema kwa waliokufa. Huyo ndiye mtu uliyempeleka usiku mahali ambapo maiti ni kichekesho, katika mji ambao baadhi ya magari ya kubebea maiti yamekatwa mapaa ili watalii wakae humo wakizungushwa. Alisoma dua. Ulitaka afanye nini?

Nimekisoma tena na tena kile kisa cha Molly, kwa sababu ndicho kilichonitoa machozi. Mwanahistoria wa Marekani, Tiya Miles, alikisikia kisa hicho hicho katika matembezi kama yenu. Waongoza watalii husema kwamba alikuwa binti mtumwa aliyekutwa amening'inia katika nyumba ya nyuma ya tajiri mmoja. Msomi yule hakucheka wala hakupiga picha. Alikwenda kutafuta katika kumbukumbu alikuwa nani, na hakupata ushahidi wowote kwamba binti huyo aliwahi kuwapo. Wakati huohuo mabinti wa kweli walioteswa katika mji ule hawana msimulizi, kwa kuwa mateso yao hayana mzuka wa kuwauzia wageni. Sasa mkweo, ambaye hajui Kiingereza cha kutosha kuuliza mwenyewe, alimtumia mwanawe kuuliza swali lile lile la mwanahistoria: huyu ni mtoto wa nani, na alizikwa wapi? Swali hilo lingeulizwa na profesa mngeliandika. Limeulizwa na mama mwenye kanga, ukaona aibu.

Lakini wewe unanitaka nikujibu kuhusu mumeo. Hakukugombeza mbele za watu, hakukutukana, hakukunyang'anya mkoba wala kukuamuru uondoke. Alimwona mama yake anasoma dua huku watu wakicheka, akawaona watoto wake wakisikiliza habari za binti aliyening'inizwa huku giza limeingia, akawaondoa watatu hao kwa utulivu na kukuacha umalize ulichokilipia. Mwanamume aliyefanya hivyo hakumchagua mama yake dhidi yako. Angelibaki pale akimwangalia mzazi wake anachekwa, ndipo ungelipaswa kuogopa, kwa sababu anayevumilia kumwona mama yake akidhalilishwa, siku yako ikifika atavumilia vilevile.

Na huyo mtoto wa miaka 6, ambaye umemtaja mwishoni kabisa, baada ya hoteli, kengele, rafiki na mashua, anastahili kutangulia. Unasema alitiwa hofu na bibi yake. Bibi alisoma dua, na tangu lini dua ya bibi ikamnyima mtoto usingizi? Aliyemtia hofu ni mtu aliyelipwa kumtia hofu, naye alilipwa na wewe. Mtoto wa umri ule hatenganishi kisa na jambo lililotokea. Alichokielewa ni kwamba mtoto anaweza kufa vibaya ndani ya nyumba, kisha akabaki anatembea humo usiku na watu wazima wakamcheka. Hili nakulaumu bila kukupunguzia hata kidogo, kwa kuwa kumtupia bibi mzigo huo ni kumwondolea mtoto mtu wa pekee ambaye usiku ule alimwombea dua.

Naona katika ndoa nyingi za siku hizi, hasa za walio mbali na kwao, kwamba safari hupangwa kwa macho ya rafiki kuliko kwa haja za walio ndani ya gari. Mke huona fahari kusimulia amelala wapi, mume huona fahari kulipia, na mzazi aliyekuja kuwaona wajukuu hugeuzwa mzigo wa kupakiwa kiti cha nyuma. Zamani mgeni akija mlimuuliza anataka kumwona nani na kula nini. Siku hizi anapewa ratiba. Rafiki zako wale watapata safari nyingine na cha kucheka kingine, na huenda mwakani wasikumbuke kengele ile, lakini mkweo atarudi Pangani na kuulizwa na majirani Marekani kukoje, na jibu atakalolitoa litakuwa la nyumba yako.

Kesho yake wakati wewe uko mtoni, mumeo alimpeleka mama yake kwenye sanamu iliyosimamishwa River Street mwaka 2002: baba, mama na watoto wawili wa shaba, wamekumbatiana, na minyororo iliyokatika ikiwa miguuni mwao. Familia yenu nayo ni baba, mama na watoto wawili. Siku ile mbele ya sanamu hiyo nafasi ya mama iliishikilia bibi.

Sasa nisikilize. Leo jioni, watoto wakiwa wamekula, nenda chumbani kwa mkweo peke yako, ukae chini, umwombe radhi kwa kumficha habari za hoteli. Usichanganye radhi hiyo na mashtaka ya udi, wala usimwambie kwamba ulikuwa mzaha. Mwambie ulijua, ukanyamaza, na ulikosea. Kisha mwombe awaeleze wajukuu wake habari za Pangani kama alivyozipokea kwa wazee wake, na umwombe alale na yule mdogo hadi hofu imtoke. Mtoto mwenyewe mweleze, kwa maneno ya umri wake, kwamba kisa kile kilitungwa na wanaouza visa, na kwamba wewe ndiye uliyekosea kumpeleka.

Mumeo mwombe radhi mbali na mama yake, kwa sababu kosa lako kwake ni jingine: ulimfanya amkaribishe mzazi wake mahali ambapo yeye mwenyewe hakuambiwa ni mahali gani. Ukimaliza hilo, pendekeza mrudi Savannah nyinyi watano bila rafiki, mchana, mkalale katika hoteli ya kawaida. Atlanta hadi huko ni takriban kilomita 400 tu. Mwombe mumeo na mama yake wawapeleke tena palipomgusa mama, kisha nendeni katika kanisa la First African Baptist, lililojengwa na watumwa na watu huru kwa kazi za usiku baada ya kutwa ya kuwatumikia wengine, na ambako wenyewe husimulia kwamba matundu yaliyotobolewa katika sakafu yaliwapa hewa waliojificha chini wakitoroka utumwa. Piteni na uwanja ambao mwaka 2023 ulipewa jina la Susie King Taylor, aliyezaliwa mtumwa, akasoma kwa siri katika mji huo akiwa mtoto, vitabu vyake akivifunga kwa karatasi ili asikamatwe, kisha akawafundisha wenzake baada ya kupata uhuru. Mtoto wako mkubwa ana miaka 11. Habari za msichana huyo zitamfaa kuliko za Molly.

Kuhusu tiketi ya mama, muulize mumeo kama amekwisha kuibadilisha. Ikiwa bado, mwambie asiiguse hadi utakapotoka chumbani kwa mkweo, na ikiwa ameibadilisha, gharama ya kuirudisha ilivyokuwa uilipe wewe.