Elizabeth Line, reli ya abiria ya London: mahandaki yaliisha 2015, mbona abiria walipanda 2022?

Kwa sababu kuchimba hakukuwa sehemu ngumu. Mashine zilimaliza Mei 2015, na reli za kudumu zikawa zimelazwa Septemba 2017. Kilichokwama ni ishara (mifumo inayoiambia treni iende au isimame) na programu za kompyuta. Treni moja inapaswa kuelewa mifumo mitatu ya ishara: mmoja wa zamani upande wa mashariki, mwingine kuelekea uwanja wa ndege wa Heathrow, na wa tatu unaoiendesha katikati ya jiji. Inabadilisha mfumo ikiwa safarini, na ikipoteza mawasiliano hapo inafunga breki. Kila toleo jipya la programu lilimaanisha kurudia majaribio.

Halafu umeme. Novemba 2017 transfoma ililipuka Pudding Mill Lane, mashariki mwa London, mara tu umeme ulipowashwa, na majaribio ya treni yakasogea hadi Februari 2018. Vituo navyo vilikuwa havijakamilika, kwa hiyo mafundi na treni za majaribio waligombania handaki lilelile. Hapo ndipo ratiba ya kufungua Desemba 2018 ilipovunjika, kwa maoni yangu: walibana muda wa majaribio ili kufidia ujenzi uliochelewa.

Ukifuatilia mradi wowote wa namna hii, achana na asilimia ya ujenzi. Uliza umeme umewashwa lini, na treni zinapita ngapi kwa saa kwa ratiba bila abiria. London walianza hatua hiyo Mei 2021, wakafungua 24 Mei 2022.