Jibu: Shuka na mapambo ya vyumba vya watoto, Lamu

Waalaikum salaam dada. Umeuliza mbona shuka mpya zinachomoka usiku na zina joto, na upambe vipi vyumba vya watoto katika nyumba ya mawe.

Joto linatokana na poliesta, haifyonzi jasho. Chukua pamba tupu. Kuchomoka ni kosa la kipimo. Godoro la futi 5 kwa 6 lenye unene wa inchi 8 lina upana wa inchi 60. Ongeza 16 za ubavu wa pande mbili na 12 za kuchomekea, upate 88. Urefu vivyo hivyo: 72 inakuwa 100. Kitambaa kiroweke usiku kucha na kukianika kabla fundi hajakata, maana pamba hunywea.

Kila kitanda jozi tatu, kwani wakati wa masika nguo hazikauki upesi.

Ukuta wa matumbawe na chokaa unapumua. Tafadhali usiupake rangi ya mafuta: unyevu hunaswa ndani, kisha rangi inabambuka. Kitanda kikae sentimita 10 kutoka ukutani, na chaga ziachiane nafasi, godoro lisiote kuvu. Zulia zito silipendekezi kabisa, mkeka unatosha. Rangi kali ziweke kwenye foronya na pazia, ni rahisi kubadilisha watoto wakikua.