CT ya kwanza ilikuwa nzuri, siku ya tatu ubongo ukavimba: kwa nini?

SWALI: Daktari, pole na kazi. Mdogo wangu alianguka akajigonga kichwa. CT (picha ya ndani ya kichwa) ya siku ile ilionyesha michubuko midogo tu kwenye ubongo. Siku ya tatu fahamu zikapungua, na CT ya pili ikaonyesha ubongo umevimba. Tumeambiwa kizuizi kati ya damu na ubongo kimeharibika. Ni kitu gani hicho? Na mbona hapewi dawa ya deksamethasoni, ilhali shangazi yetu mwenye saratani ya ubongo alipewa na uvimbe ukashuka?

JIBU: Pole sana kwa kuuguza. Swali lako la deksamethasoni ni zito, nitalifikia, lakini haliwezi kueleweka kabla ya kukijua kizuizi chenyewe.

Kizuizi hicho si ganda linalouzunguka ubongo. Kimo ndani ya kuta za mishipa midogo kabisa ya damu, yaani kapilari, karibu kila inakopita kwenye ubongo. Sehemu nyingine za mwili, seli za ukuta wa kapilari huachiana upenyo. Kwenye ubongo zimeshonwa pamoja kwa protini kama klaudini-5 na okludini, zikazungushiwa utando mwembamba na seli ziitwazo perisiti, na kwa nje zikafunikwa na miguu ya astrositi, seli zinazoihudumia ubongo. Oksijeni hupita yenyewe, glukosi hupitishwa na wabebaji maalumu, maji hupita, lakini chumvi huzuiwa na protini kubwa kama albumini hubaki kwenye damu. Shika hilo la maji na chumvi, maana matibabu mengi yanasimama juu yake.

Kichwa kinapogongwa, baadhi ya kapilari huvutwa na kuchanika papo hapo. Huo ni mwanzo tu. Seli zilizoumia humwaga kemikali iitwayo glutameti, seli nyeupe za damu huvamia, na kimeng'enya kiitwacho MMP-9 huanza kuula ule utando unaozishikilia kapilari. Astrositi nazo hutoa protini iitwayo VEGF, ambayo hulegeza mishono. Kwa wanyama wa maabara kizuizi huonekana kufunguka mara mbili: saa chache baada ya kugongwa, kisha tena kati ya siku ya 3 na ya 7. Kwa hiyo CT ya kwanza haikukosea. Ilipigwa kabla kazi hii haijaiva. Hata hivyo, fahamu zikishuka siku ya tatu haifai kudhani ni uvimbe tu, kwa sababu damu iliyovilia nayo huweza kuongezeka. Ndiyo maana CT hurudiwa.

Sasa deksamethasoni. Uvimbe wa ubongo uko wa namna mbili. Katika ule wa kwanza albumini huvuja kupitia kizuizi kilicholegea, na maji huifuata nje ya mishipa. Katika wa pili kizuizi kinaweza kuwa kizima, ila seli zenyewe zimeishiwa nguvu ya kusukuma chumvi nje, zikajaa maji. Saratani huleta zaidi ule wa kwanza, na deksamethasoni hukaza mishipa inayovuja. Ndiyo nafuu aliyoipata shangazi. Kwenye jeraha namna zote mbili huchanganyika, na seli zilizojaa maji dawa hiyo haizisaidii. Tena dawa za kundi lake, yaani steroidi, zimeonekana kudhuru. Utafiti wa CRASH, uliochapishwa mwaka 2004, uliwahusisha watu wazima 10,008 walioumia kichwa. Waliopewa methiliprednisoloni, steroidi nyingine, walikufa asilimia 21.1 ndani ya wiki mbili, na waliopewa dawa bandia asilimia 17.9. Madaktari wa mdogo wako wako sahihi kabisa kutompa.

Dawa utakayoiona zaidi ni manitoli, au maji ya chumvi ya asilimia 3. Hizi hufyonza maji kutoka kwenye ubongo na kuyarudisha kwenye damu, lakini pale tu kizuizi kilipo kizima. Maana yake hukausha sehemu ya ubongo isiyoumia ili ile iliyoumia ipate nafasi ndani ya fuvu. Pale palipochanika manitoli yenyewe huvuja, na dozi zikirudiwa mno inaweza kuanza kuvuta maji kinyume. Dozi ni gramu 0.25 hadi 1 kwa kila kilo ya mwili; mtu wa kilo 60 hupata mililita 75 hadi 300 za manitoli ya asilimia 20. Chupa ikiwa na fuwele haitundikwi hivyo. Mgonjwa hukojoa sana, kwa hiyo presha ya damu hulindwa isishuke: ikishuka, ubongo uliovimba hukosa damu. Kwa sababu hiyohiyo ya maji na chumvi, dripu ya dekstrozi ya asilimia 5 huepukwa. Sukari ikishatumika hubaki maji matupu, nayo huingia ubongoni.

Palipo na kifaa cha kupima shinikizo ndani ya fuvu, matibabu huongezwa likizidi milimita 22 za zebaki. Nawe unaweza kusaidia kitandani: kichwa kiinuliwe nyuzi 30 na shingo inyooke, kwa sababu ikipinda mishipa inayorudisha damu kutoka kichwani hubanwa.

Kuna kinga nyingine, ngozi zinazoufunika ubongo. Ukiona maji meupe kama ya kunywa yakitoka puani au sikioni, waite wauguzi. Msizibe kwa pamba, asipenge kamasi, na mpira wa chakula usipitishwe puani, kwani huenda sakafu ya fuvu imepasuka na vijidudu vikapata njia.

Kizuizi huweza kuendelea kuvuja kwa miezi. Albumini inayoingia huzichokoza astrositi, na hilo ni moja ya mambo yanayodhaniwa kuleta degedege baadaye. Dawa ya kuzuia degedege ya siku 7 hupunguza zile za wiki ya kwanza, haizuii za baadaye. Zikimpata nyumbani, mlazeni ubavu, msimtie kitu mdomoni, na zikizidi dakika 5 mkimbizeni hospitali.