Kocha au menta? Angalia umekwama wapi

Ndugu, umeuliza kama ulipie kocha wa mambo ya kazi (si wa michezo) au utafute menta, kwa kuwa unataka kupanda cheo na huoni njia. Je, unakosa nini hasa? Kama hujui mambo yanavyokwenda kwenye fani yako, nani anaamua, ujuzi upi unahesabika, tafuta menta, mtu aliyekwisha kupita humo. Mara nyingi huyo halipwi; muombe nusu saa na uende na swali lililo wazi.

Lakini kama unajua la kufanya na hulifanyi, mfano kila ukikaa na bosi kuzungumzia mshahara unanywea na kuishia "sawa tu", kocha atakufaa zaidi. Atakuuliza mpaka ulitamke lile unalolikwepa, kisha mtafanyia mazoezi maneno utakayomwambia bosi.

Kwenye pesa uwe macho sana. Nchi nyingi hazina sheria ya kumzuia mtu kujiita kocha, kwa hiyo muulize amesomea wapi na amefanya kazi na wateja kwa saa ngapi. Cheti cha ngazi ya kwanza cha ICF, shirikisho la kimataifa la makocha, kinadai saa 60 za mafunzo na saa 100 za kazi yenyewe. Omba kikao cha kujuana kabla ya kutoa chochote. Akikuahidi cheo, au akikubana ulipie miezi kadhaa papo hapo, achana naye.

Na kama kinachokusumbua ni hofu au huzuni inayokunyima usingizi, tafadhali anza na mtaalamu wa afya ya akili.