Re: Mdogo wangu anajitumbua ngozi mpaka damu, ni ukaidi?

Mkuu, umesema mdogo wako wa kike anatumbua kila kipele, kikikauka anabandua kigaga, na mama anaona anafanya makusudi, anamfokea hata mbele ya wageni. Mimi ninayo hali hiyo tangu sekondari, ngoja nikueleze inavyokuwa.

Mara nyingi hata siamui kuanza. Nipo na simu, kidole gumba kinapita kwenye taya, kinakutana na kitu kikavu, basi. Nikija kushtuka, kucha ina damu. Siku nyingine najua kabisa ninachofanya: nipo mbele ya kioo cha bafuni, nimekiona kipele, na moyo hautulii mpaka nikitoe. Kikitoka napata ahueni kidogo, halafu aibu, na hiyo aibu ndiyo inanirudisha kiooni. Sasa mtu akifokewa mbele ya wageni, unadhani aibu inapungua?

Huku kujitumbua ngozi ni tatizo la afya ya akili linalotambulika. Madaktari wa akili wa Marekani waliliingiza kwenye mwongozo wao wa kutambua magonjwa mwaka 2013, kundi moja na OCD (ugonjwa wa mawazo na vitendo vya kujirudia ambavyo mtu hushindwa kuvizuia), na Shirika la Afya Duniani limeliweka kwenye ICD-11, orodha yake ya magonjwa, pamoja na kung'oa nywele. Wengi hulichanganya na kujikata kwa nia ya kujiumiza. Mimi sitaki kuumia, nataka ngozi iwe laini!

Krimu zilinikausha vidonda, mkono ukaendelea. Na zile za kuchanganya za madukani mwepushe nazo kabisa, nyingine zina steroidi, dawa kali inayoweza kudhoofisha ngozi.

Kilichonisaidia ni mwanasaikolojia. Alinitaka kwanza niandike inanianza wapi na saa ngapi. Kwangu ni usiku, bafuni, nikiwa na mawazo ya kazi. Kisha tukautafutia mkono shughuli: hamu ikija nakunja ngumi mpaka ipoe, au nachezea shanga. Nikiwa nyumbani nabandika plasta kidole gumba na cha shahada. Watu wananicheka, lakini kidole kisipohisi ule ukavu, hamu inakosa pa kuanzia. Haijaisha, kazi zikinielemea inarudi.

Mpeleke kliniki ya afya ya akili, hospitali za rufaa za mikoa huwa nazo. Akiwa na wasiwasi mwingi au sonona, daktari anaweza kumwongezea dawa. Ila kama kuna kidonda kimevimba, kina joto au usaha, kitibiwe hicho kwanza, leo leo.